Nguzo ya Mto Iliyohamia Posta

Ndugu waombolezaji, habari ya nguzo mtakayoisikia, aliyemwambia kwanza mkamwana wake mdogo, ambaye ndiye anayewasomea, ni marehemu mwenyewe, akamwagiza aisome hapa bila kuipunguza.

Baba mkwe alizaliwa tarehe 9 Aprili 1946 katika mji huu, nyumba ya pili kutoka gatini, enzi mji ulipokuwa na mtaa mmoja, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mto kuanzia mwaka 1954, akasifika kwa hesabu na kwa kuchelewa, maana mtumbwi ulimsubiri mwalimu, haukumsubiri yeye.

Tarehe 1 Julai 1968 aliajiriwa na idara ya maji kusoma kipimo cha mto, yaani nguzo nyeupe yenye namba, na kuandika kina cha maji kwenye ubao wa sokoni kila asubuhi. Mwaka 1971 alimwoa mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne, wote wakajua kuogelea kabla ya kusema.

Mei 1983 mto ulifurika, naye, kwa kuogopa mali ya serikali isisombwe, akaing'oa nguzo, akaisimika juu ya ukingo, akisema atairudisha, akasahau. Na kila mafuriko yalipokuja akaisogeza tena kwa bidii ile ile, hadi ikafika mlangoni mwa posta, ambako sote tuliipita tukidhani ni ya posta. Maji hayakuifikia tena, ubao ukaandika sifuri mwaka hadi mwaka, watu wakasema mto umezeeka, kinyozi akajenga bondeni, mwoka mikate akajenga, chekechea ikajengwa, ndio Mtaa wa Chini. Mwaka 2004 idara ilimpa cheti cha utunzaji bora, kwa kuwa nguzo yake haikuwa na kutu.

Aliugua mapafu tangu Januari. Jumapili tarehe 3 Machi 2024, mama akimnywesha uji, mkamwana akishika bakuli, alimgeukia mkamwana akasema, "Mwanangu, mto haujashuka. Mimi ndiye niliyepanda. Mvua zikija, Mtaa wa Chini utaondoka na watoto."

Mama akasema, "Na miaka yote unanisema mimi nahamisha kabati."

"Mama watoto, kabati halina mafuriko."

Mkamwana, ambaye hata chumvi huiomba kwa kunong'ona, akauliza kwa nini asiambiwe kaka mkubwa.

"Huyo atanipaka sukari. Wewe hujui kupaka."

Alifariki Jumatano tarehe 6 Machi, saa kumi alasiri. Tunawashukuru daktari na wauguzi, wenzake wa idara ya maji, na majirani wa Mtaa wa Chini walioleta viti, ambao tunawaomba wahame kwanza, wakasirike baadaye.

Na ule ubao mnaoulalamikia tangu jana, ni kwamba asubuhi ya siku iliyofuata kifo mkamwana alimwachia bibi mtoto wake, akamtoa fundi seremala kwenye kazi ya jeneza, wakaibeba nguzo kutoka posta hadi shimo lake la zamani, maji yakawafika kiunoni, kisha akaenda sokoni akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: MITA MOJA. MTAA WA CHINI HUINGIA MAJI IKIFIKA MITA MBILI.

Pumzika, Baba, kwa amani, mahali pakavu.