Mkwe, Sogeza Bakuli

Benchi lenyewe lina miguu mitatu yake na tofali moja la kuazima. Limeegemea ukuta wa kinyozi, pale njia ya vumbi inapokutana na barabara kubwa, na anayekaa upande wa tofali anajua kwamba akicheka sana wote watakwenda chini. Mbele yake kuna jiko la mkaa, juu ya jiko kuna birika, na nyuma ya birika yuko Bibi, ambaye watu wamemwita Bibi Birika mpaka na yeye akigonga mlango wa watu hujitaja hivyo. Darasani hakukaa, lakini mdomo wake umehitimu. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa limejaa: Wembe, kinyozi mwenye ukuta; Redio, fundi wa simu na redio, ambaye akianza kuongea hana kitufe cha kuzimia; na Brashi, mchora mabango, aliyekuja na kibao cha bati na makopo yake ya rangi. Wakubwa wa mji walikuwa wametangaza kwamba kila njia ijichagulie jina, na isiyojichagulia itapewa namba. Benchi lilikuwa limekwisha kuamua, bila kumuuliza mtu, kwamba hii itakuwa Njia ya Komandoo, kwa heshima ya jirani yao anayesema aliwahi kuwa komandoo jeshini.

— Herufi kubwa, alisema Wembe. Na rangi nyekundu, kama bereti yake.

— Nyekundu inapauka haraka, alisema Brashi.

— Komandoo hapauki! Wewe paka.

Brashi akaweka kibao mapajani, akaandika NJIA YA, akaanza kusubiri ikauke. Bibi alikuwa anapepea mkaa. Aliupepea kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

— Huyo komandoo wenu, alisema, kuna mtu amewahi kuona hata picha yake moja na bunduki?

— Bibi! Redio aligeuka mzima mzima. Hapo ndipo ujue ni mwenyewe! Komandoo wa kweli hapigwi picha. Picha moja ikitoka nje, kikosi kizima kimekwisha.

— Na wenzake je? Miaka yote hii hajaja hata mmoja kumjulia hali.

— Wanakuja, alisema Wembe. Sema wewe huwajui. Yule muuza fagio aliyepita juzi, uliona alivyompita Komandoo bila hata kumtupia jicho? Mtu wa kawaida angeangalia.

— Muuza fagio ana chongo, na Komandoo alikuwa upande wa jicho bovu.

— Unaona sasa, akanong'ona Redio. Chongo. Mnafikiri lile jicho alilipoteza wapi?

Wakatikisa vichwa kwa heshima ya jicho la muuza fagio. Bibi akaweka upepeo chini.

— Na mbwa? Mbwa wa fundi cherehani alimbwekea mara moja tu, mtu mzima akaparamia ukuta. Nilimwona kwa macho haya.

— Uliona kwamba amepanda, alisema Redio, hukuona alivyopanda. Ukuta ule una vipande vya chupa juu. Nani anapanda vipande vya chupa bila kuchanika?

— Alichanika. Nilimwosha mimi, kwa maji ya birika hili hili, huku analia.

— Ile ni mbinu, Bibi, alisema Brashi kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Adui akikuona unalia, analegea.

— Adui nani? Mbwa?

— Mbwa wa nani, hilo ndilo swali! Redio alisimama, benchi likayumba. Fundi cherehani alimpata wapi mbwa yule? Mbwa yule hafuati mtu, hafuati chakula. Mimi nasema ametumwa!

Ndivyo lilivyokuwa benchi lile. Kila kitu ambacho Komandoo hakuwa nacho kilikuwa ushahidi kwamba anacho, amekificha. Bibi alikuwa amejaribu kusema tangu zamani, kisha akaacha, kwa sababu uongo wa Komandoo ulikuwa haumli mtu. Unapitisha asubuhi, wateja wanakaa, wanaagiza kikombe kingine.

Lakini kibao kilikuwa jambo jingine. Kibao kitapigiliwa ukutani, na Bibi atapita chini yake kila siku akienda kuchota maji, mpaka atakapobebwa kupita chini yake akiwa hajui tena.

Maana ukweli ni huu. Mume wa Bibi alikuwa mwanajeshi. Si wa kuruka na mwamvuli, si wa kutambaa kwenye tope na kisu mdomoni. Mpishi. Aliwapikia askari katika kambi ya Bonde Kavu tangu kijana hadi alipostaafu, kisha akaja njia hii, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure akaenda kupika uji katika shule ya msingi iliyo nyuma ya msikiti, akaupika mpaka mwaka aliokufa. Njia nzima ilimwita Mzee Upawa, kwa ule upawa wa kugawia uji usiotoka mkononi mwake. Bibi hakuwahi kuona aibu hata siku moja. Alikuwa akisema, jeshi lina watu tele wa kupiga risasi, lakini wote hao, asubuhi, walikuwa wakimpangia foleni mume wangu.

Siku moja, kwa kujisahau, aliitaja Bonde Kavu mbele ya benchi. Kesho yake Komandoo naye alikuwa amewahi kuishi Bonde Kavu.

Na kuomba, Bibi hakuomba. Aombe jina la mume wake liandikwe, tena kwa watu waliokua kwa uji wake? Bora njia ipewe namba.

Komandoo akatokea, bereti nyekundu, miwani myeusi, mikono nyuma. Wembe akampisha upande usio na tofali.

— Nimesikia mnataka kuniandika, alisema, akitazama mbali kana kwamba kuna ndege za adui juu ya duka la vocha. Mimi sipendi sifa. Lakini kama ni kwa ajili ya watoto wetu, basi.

— Tupe kidogo, Komandoo, alisema Redio. Tukipiga rangi tujue tunapiga nini.

— Siwezi kusema yote. Kuna mambo nimekula kiapo. Lakini kuna usiku tuliruka kwenye ndege watu wengi, tukafika chini wachache. Mwamvuli wangu haukufunguka.

— Ukafanyaje?

— Nikapumua kwa tumbo.

Wembe akajishika tumbo lake, akalitazama upya.

— Siku tatu bila maji, aliendelea Komandoo. Nikala nyoka. Nikala mkanda wangu. Kuna mwenzetu alikula buti.

— Na kambini je? aliuliza Bibi, akimmiminia kahawa. Pale Bonde Kavu. Mlikula nini?

Komandoo alicheka puani.

— Bibi, najua marehemu alikuwa huko, Mungu amrehemu. Lakini usichanganye mambo. Sisi na wapishi hatukujuana. Wapishi ni watu wa nyuma. Vita vikianza, wa kwanza kukimbia na masufuria ni wao.

Benchi likacheka. Halikucheka kwa ubaya, lilicheka kwa mazoea. Bibi akarudisha birika juu ya mkaa polepole sana. Wale wanaomjua walipaswa kuogopa, ila hakuna aliyekuwa anamtazama. Brashi alikuwa amechovya brashi kuandika K.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Alikuwa mtu wa makamo, anachechemea kidogo, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa amehamia juzi katika chumba cha uani kwa fundi cherehani, bado hajajua nani ni nani.

— Habari za hapa, jamani. Kahawa ipo?

— Ipo, alisema Wembe. Umefika siku njema, ndugu. Unaishi njia ya shujaa. Huyu unayemwona hapa ni komandoo wa kweli, wa Bonde Kavu.

Uso wa mgeni ulifunguka wote.

— Bonde Kavu! Acha bwana! Na mimi nilikuwa Bonde Kavu! Sikuwa komandoo lakini, nisije nikajipa cheo. Nilikuwa dereva wa gari la maji. Huu mguu nilijigongesha mwenyewe kwenye bomba.

Redio akamwangalia Komandoo kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Komandoo akarekebisha miwani.

— Sisi tulikuwa upande wa siri, alisema. Hamkutuona.

— Nakubali, nakubali, makomandoo walikuwa na upande wao, alisema mgeni, akivuta kigoda, kwa moyo mweupe kabisa. Lakini chakula tulikula jiko moja. Asubuhi foleni ilikuwa moja, kuanzia kuruta mpaka mkuu wa kambi. Basi nikumbushe, maana nikikumbuka huwa nacheka peke yangu: yule mpishi wetu, alikuwa anatuitaje?

— Anatuitaje vipi?

— Sote! Alikuwa hamwiti mtu kwa jina wala kwa cheo. Alikuwa na neno lake moja. Alituita nani?

Komandoo akanywa kahawa. Ilikuwa ya moto, akaimeza hivyo hivyo.

— Makamanda, alisema.

Mgeni akacheka, akidhani ni utani.

— Majemedari, alisema Komandoo. Simba. Alituita simba, sasa nakumbuka. Inategemea siku.

Mgeni akaacha kucheka. Akamtazama Wembe, akamtazama Redio, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na hajui ni cha nani. Redio alifungua mdomo kueleza, kwa sababu Redio hajawahi kukosa maelezo. Akatafuta. Angesema nini? Kwamba komandoo hafiki jikoni? Foleni ilikuwa moja. Kwamba amekula kiapo asitaje alivyoitwa kwenye uji? Brashi alikuwa ameinua mkono hewani, na rangi nyekundu ikadondoka tone moja juu ya kiatu chake.

Bibi akajifuta mikono kwa khanga. Akachukua kikombe, akakijaza pomoni, akanyoosha mkono juu ya jiko kumwelekea mgeni, akasema kwa sauti nene ambayo haikuwa yake:

— Mkwe, sogeza bakuli.

Mgeni alisimama. Hakujua kwamba amesimama. Visigino viligongana, mguu mbovu na mzima, kahawa ikamwagika vidoleni mwake asiisikie.

— Shikamoo, mama mkwe.

— Marahaba. Kaa, utaungua.

— Ni wewe? Ni wewe uliyekuwa unamshonea aproni yenye mfuko mbele?

— Mfuko wa pilipili. Kuufua kuliniunguza vidole miaka mingi. Ndiyo mimi.

Mgeni akakaa, akageukia benchi, macho yanametameta.

— Alikuwa na mabinti watupu yule mzee. Akasema mmoja wenu hapa ataoa kwangu, na mimi simjui ni yupi, kwa hiyo sithubutu kumnyima hata mmoja. Jenerali alikuja kukagua, tumesimama tumenyooka kama misumari, mzee akamwambia, mkwe, sogeza bakuli. Jenerali akasogeza!

— Hakuna hata binti yangu mmoja aliyeolewa na mwanajeshi, alisema Bibi. Wana akili.

Wembe aliweka kikombe chini, akaongea taratibu.

— Jamani. Mzee wa uji, pale shuleni. Mimi aliniita mkwe.

— Na mimi, alisema Brashi. Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilikuwa najivuna nyumbani.

— Wewe Brashi ulikuwa unarudi foleni mara ya pili na makamasi yako, alisema Bibi, unajifanya ni mtoto mwingine. Na wewe Redio ulikuwa unaongea mpaka uji unapoa, unataka uongezewe wa moto. Alikuwa ananisimulia kila jioni. Nyie wote mlikuwa wakwe pamoja na jeshi zima, hamna habari.

Redio akajinyoosha mgongo. Wembe naye. Benchi lile bovu, kwa mara ya kwanza, lilikaliwa kama jukwaa la wageni wa heshima.

Komandoo alikuwa amevua miwani. Bila miwani alikuwa mtu wa kawaida mwenye macho madogo.

— Nyayo zangu ni bapa, alisema, hakuna aliyemuuliza. Walinirudisha getini siku ya kuandikishwa jeshini. Wenzangu wote wakaingia.

Bibi alimtazama. Huruma hakuwa nayo nyingi, na ile kidogo haigawi ovyo.

— Wa nyuma, sio? alisema. Wapishi ni watu wa nyuma?

— Nisamehe, Bibi.

— Nyayo bapa zinatosha kusimama. Vua hiyo bereti, inakutoa jasho, kashike kibao Brashi aandike.

Akasimama, akashika. Brashi hakuuliza aandike nini. Akafuta doa la kiatuni, akaandika kwa nyekundu, ulimi nje, herufi moja moja, huku mgeni akisoma kwa sauti nyuma yake: U, P, A, W, A.

— Njia ya Upawa, alisema Wembe. Bibi, unaonaje?

— Naonaje mimi nisiyejua kusoma? Hayo ni makucha ya kuku. Chora upawa wenyewe pembeni, na sisi wengine tupite tukijua tunapita wapi.

Brashi akachora. Bibi akatoka nyuma ya birika, jambo ambalo halifanyi kwa mtu yeyote, akasogea, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Wote wakasubiri, Komandoo akiwa amenyanyua kibao juu ya kichwa chake.

— Rudia, alisema Bibi. Ongeza mpini, urefuke. Huo hautafika kwa wa nyuma.