Tangazo la Kifo Mlangoni

Kwenye tramu jijini Sofia, mama mmoja aliyepakata mfuko wa pilipili hoho alimgeukia abiria wa pembeni, mwanamke asiyemjua. "Dada, juzi nimetoka sokoni nikakuta tangazo la kifo changu mlangoni mwa jengo letu. Picha, jina, msalaba, kila kitu!"

"Mungu wangu! Kabandika nani?"

"Nani tena? Ognyan, mtalaka wangu. Nyumba ni yetu wote wawili, anataka tuuze, mimi nimegoma. Majirani wakaleta ngano ya kuchemsha ya matanga. Naingia, namkuta jikoni anaila!"

Mimi niliyeketi nyuma yao, gazeti langu nilishaacha kujifanya nalisoma.

"Kumbe bado mnakaa pamoja?"

"Nihame, nimwachie nusu yangu? Thubutu!"

"Sasa hilo tangazo umelibandua?"

"Nilibandue la nini? Picha yenyewe nimetoka vizuri. Nimemchapishia na yeye la kwake, nikalibandika pembeni ya langu."

Yule dada akajishika mdomo. Tramu ikasimama, mama akainuka na pilipili zake. Alipofika mlangoni akageuka. "Leo majirani wametuwekea shada la maua, moja, la wote wawili. Na hilo nalo anataka tugawane!"