Siku Chifu Kasiva Alipowatoa Watu wa Kyandili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Kasiva Ndambuki anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa akiwa naibu wa chifu wa kata ndogo ya Kavumbuni, hapa Mwala. Wengi wetu hatujawahi kufanya kazi chini ya mtu mwingine.

Alipoajiriwa, baadhi ya wazee walisusia baraza lake la kwanza kwa kuwa ni mwanamke. Hakuwabembeleza. Alijifunza kuendesha pikipiki, akawafuata mashambani, akasikiliza kesi zao za mipaka huku akiwasaidia kupura mbaazi. Muda si muda wao ndio waliogombania viti vya mbele. Tulimjua pia kwa kufunga mkutano chakula kikiiva, hata kama mgeni rasmi hajamaliza kusema.

Lakini tukimtaja, linalotujia kwanza ni ile Aprili ya mafuriko, mwaka jana.

Asubuhi hiyo Mutiso, mzee wa kijiji, alipiga simu kutoka silanga, lile bwawa kubwa lililo juu ya kijiji cha Kyandili. Ukuta wa udongo unaozuia maji ulikuwa umepasuka, na matope yalikuwa yakichuruzika chini yake. Huko bondeni, kando ya mto, ziliishi familia zisizo na hati za ardhi.

Watu hao walikuwa na sababu ya kumwogopa Kasiva. Yeye ndiye aliyetumwa zamani kuwasomea ilani ya kuondoka, tajiri mmoja alipodai shamba hilo. Tangu hapo, afisa yeyote akija kuuliza ni watu wangapi wanaoishi pale, watoto walifichwa kwenye mahindi. Tulipofika, mimi karani wake nikiwa nyuma yake kwenye pikipiki, milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

Mutheu, mama yake Jeff, ndiye pekee aliyebaki mlangoni.

"Madam, ukitutoa leo, kesho tutapata shamba limezungushiwa waya," alisema. "Mmengoja mvua ndiyo mtufukuze."

Kasiva alianza kujibu kama afisa, akakatiza. Akaketi kwenye kigoda pale nje, mvua ikimnyeshea.

"Mama Jeff, sina la kukuahidi juu ya shamba. Lakini mimi niko na uoga. Sijui kama ukuta huo utashika mpaka mchana. Ukikaa, nami nakaa."

Mutheu alimtazama akilowa pale kigodani, asiinuke. Akageuka, akapaza sauti kwa majirani: "Tokeni! Hata Chifu anaogopa!"

Wakatoka. Walibeba watoto, magodoro na kuku, wakapanda hadi shule ya msingi iliyo kilimani. Uwanjani Kasiva aliwaita nyumba kwa nyumba, kwa majina. Mzee Kisilu, ambaye hasikii vizuri, hakuitika. Alikuwa amerudi kufungua mbuzi wake.

"Usishuke, Madam," nilimwambia.

"Nitawaambia nini watoto wake?" akasema, na tayari alikuwa akiteremka.

Hatujasahau mngurumo uliofuata. Maji ya rangi ya udongo yalijaa bonde lote, na mabati yakaelea kama karatasi. Mutheu alinikamata mkono hadi kucha zake zikaniingia. Tulibaki tumeyakodolea macho maji, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema kwamba Chifu amekwenda.

Walitokea upande mwingine wa kilima, kwenye mikonge. Kasiva alikuwa amemshika mzee mkono wa koti, hana viatu, na Kisilu akiwalilia mbuzi wake. Nyumba zote za Kyandili zilikuwa zimesombwa. Watu wote walikuwa hai.

Wiki hiyohiyo, lile walilolihofia likaja: nguzo na waya vilisimamishwa bondeni. Watu wasiojitaja walimpigia Kasiva simu wakimwonya afikirie wajukuu wake. Aliniambia wazi kwamba hapati usingizi. Hata hivyo, familia zilipoupinga waya huo mahakamani, alipanda kizimbani kutoa ushahidi, akawataja wanakijiji mmoja mmoja na muda walioishi pale. Mahakama iliamuru waya uondolewe hadi kesi iamuliwe. Familia zimejenga upya, juu kidogo ya pale pa zamani. Kesi bado inaendelea.

Juzi Mutheu alikuja ofisini. "Huyo anayekuja, atatujua?" aliniuliza.

Madam, asante kwa kutuambia ukweli hata ulipokutisha. Nenda nyumbani kwa wajukuu wako. Tunakutakia afya, mvua za kiasi, na usingizi wa mtu ambaye watu wake wote wako salama.

Wesley Makau, karani, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako