Shamba ya Mavivi ni ya Éliakim

Bismillahi. Batoto bangu, mukaribie, sababu sauti yangu haifike tena mbali kama zamani, wakati nilikuwa naita abiria hapa Beni na batu ba ngambo yote banasikia. Lukman, kaa ku mukono wangu wa kuume. Furaha, simamisha muto nyuma ya mugongo yangu, halafu na wewe uketi. Na wewe Éliakim, ingia, hapana kusimama ku mulango kama mugeni. Neno ya leo ni juu yako, na sipendi kusema mutu akiwa nyuma ya ukuta.

Akili yangu iko nzima, imamu ameketi pale ni shahidi. Mali yenye naacha munaijua: hii nyumba, kamiyo yangu ya kubeba mizigo, na shamba ya kakao ya Mavivi. Dini yetu iligawa mafungu ya barithi mbele mimi sijazaliwa, na siyaguse: mama yenu Hadidja ako na yake, Lukman yako, Furaha yako. Lakini theluthi moja Mungu ameiachia mwenye kufa, aitoe kwa mutu mwenye si murithi. Imamu na majirani balipima, bakaona shamba ya Mavivi inaingia ndani ya ile theluthi. Naitoa kwa Éliakim.

Lukman, naona uso wako. Najua ulishapeleka hata fundi kule, apime mahali ya kujenga depo ya kuweka mizigo. Subiri, hapana kunikata neno. Kakao haivunwe ikiwa ingali maua.

Éliakim na mimi tuliingia kazi siku moja, ku kamiyo moja, ya tajiri moja wa Butembo, sisi bawili vijana, sisi bawili bila viatu. Kazi ilikuwa kukimbia nyuma ya kamiyo ku mulima na gogo ku bega. Kamiyo ikishindwa kupanda, unatupa gogo nyuma ya gurudumu mbele haijarudi kukuponda, na matope inakujaa kinywa. Tulipokezana: mulima huu wangu, ule wake. Mwenye mbio kati yetu alikuwa yeye. Mimi nilikuwa na domo tu. Cheka, Éliakim, unajua ni kweli.

Kisha shofere akazeeka, na tajiri akasema: mumoja wenu ajifunze usukani, lakini alete kwanza mutu mukubwa wa kusimama nyuma yake. Mjomba wangu alikuwa na duka ya nguo kule Mususa. Akavaa kanzu yake, akaenda, akasema maneno mbili, nikapewa usukani. Baba wa Éliakim alikuwa mulimaji wa maharagi, na tulikuwa tumetoka kumuzika. Ni ile tu, batoto. Hakukuwa mutihani, hakukuwa wizi. Mumoja alikuwa na mjomba, mwingine hapana.

Toka pale tukaachana kidogo kidogo, kama mvua yenye inanyesha juu ya mugongo ya mulima, tone moja inaangukia huku, ingine kule, na zote zimetoka wingu moja. Shofere anaketi pakavu, anaficha gunia yake moja ya chumvi nyuma ya kiti, anaiuzisha, safari ingine ziko mbili. Mwenye kulinda muzigo analala chini ya kamiyo, anaamuka na kikohozi. Vita ilipokuja, ilitupiga bote: mimi nilipoteza muzigo, nikaanza upya, yeye alipoteza shamba ya baba yake, na hakukuwa na ingine ya kuanzia. Jembe ni moja, lakini udongo ya kulisimika haikuwa sawa.

Na haikuishia kwetu bazee. Lukman, wewe na Jokébed, binti yake, mulisoma darasa moja, na alikuwa anakushinda hesabu. Wewe ulifika universite. Yeye alitoka mwaka wa kwanza wa sekondari, baba yake akiwa amelala na bega iliyovunjika. Leo anauzisha mandazi mbele ya biro yako ya kazi. Unamuambia, “Mama mandazi, ongeza moja!” Anakujibu, “Papa directeur, ile tumbo haijatosha?” Na munacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka siku moja nikajiuliza tunacheka nini.

Ni kosa yangu: miaka mingi, ku baraza ya musikiti, nilisema kwamba mwenye kutumika kazi kwa bidii hakose. Niliona jasho yangu, ya mwenzangu nikaisahau. Mwenye shibe hamujue mwenye njaa. Mungu anisamehe.

Sasa utaniambia, “Baba, tumupe tu kitu kidogo kila mwezi.” Hapana, mwanangu. Sadaka inakufa siku mukono unachoka. Shamba inazaa hata wewe umelala. Mjomba alinipa mahali ya kusimama. Nami nampa Éliakim na Jokébed mahali ya kusimama, na siko na mashaka, hata kidogo.

Basi, simama, Lukman. Karatasi imamu anayo, lakini kwetu huku karatasi inaoza. Muti ya mupaka yenye mwana wa mwenye shamba amepanda kwa mukono wake, majirani bakiona, haya yake mwenyewe itamuzuia kuing'oa. Uende Mavivi leo ukapande miti ya mupaka ya Éliakim, jua ingali juu, mbele basoda ba jeshi bafunge barabara. Hapana kungoja nizikwe: kisha kilio ndugu batakuja na mashauri yabo, na moyo yako italegea. Unaogopa nitakwenda ukiwa haupo? Kufunga macho ya baba hata jirani anaweza. Kupanda ile miti, ni wewe peke yako.

Furaha... maji. Kidogo. Sawa.

Munizike haraka, sanda nyeupe tu, chakula ya kilio ianze na batu ba kubeba mizigo. Hadidja asikose kuni. Mupendane... Kidole moja haivunje chawa. Mungu awape rizki yenye haifunge macho yenu.

Éliakim, wacha kulia, bazee hawalie mbele ya batoto. Panda pikipiki ya Lukman, muende pamoja.

Lukman? Umesimama. Leta ule mukono... niuguse. Mungu aubariki, na kila kitu yenye itapanda. Haya, nenda, mwanangu.

Furaha, usifunge mulango... Nataka kusikia pikipiki... ikiondoka.