Serikali ya Mpito Ghorofani

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na sanduku la fundi viatu, na wenyewe hawataki kusikia mtu akiuita benchi. Kila siku baada ya chakula cha mchana hukaa hapo watu watatu. Wa kwanza ni kinyozi, anaitwa Wembe, na jina hilo halikutokana na kazi yake, limetokana na ulimi. Wa pili ni karani mstaafu, Mzee Faili, ambaye hata ukimwomba asogee kidogo atataka kujua ombi lako limepitia kwa nani. Wa tatu ni fundi viatu, Soli, mtu wa maneno machache. Kahawa inaletwa na jamaa waliyemwita Birika ili wasipate taabu ya kukumbuka jina lingine. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la ghorofa moja, chini duka la vitambaa, juu chumba chenye mapazia ya njano. Mwezi uliopita pale mlangoni kilitundikwa kibao, na tangu siku hiyo kijiwe hakina raha.

Kibao kinasema: USHAURI NASAHA KWA WANAWAKE WALIO KATIKA KIPINDI CHA MPITO. UDONGO, RANGI, NYUZI NA NYIMBO. KILA JUMATANO SAA NANE MCHANA.

Jumatano hiyo Mzee Faili alivaa miwani, akakisoma kwa sauti mara ya nne, kisha akaikunja miwani yake taratibu kama mtu aliyemaliza kikao.

— Kipindi cha mpito, akasema. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na mmoja. Neno hilo halitembeagi peke yake. Ukiliona, jua nyuma yake kuna serikali.

— Serikali gani? akauliza Wembe.

— Serikali ya mpito. Mkubwa wa zamani kaondolewa, mpya hajapatikana. Hapo katikati ndipo inapokaa.

— Sasa huyo mkubwa aliyeondolewa ni nani?

Mzee Faili akawatazama mmoja mmoja, bila haraka.

— Sisi.

Wembe akaweka kikombe chini. Akasema sasa ameelewa mambo mengi. Juzi alimwomba mkewe chumvi, mkewe akamjibu ipo kabatini. Miaka kumi na minne ya ndoa, na hakuwahi kujua kwamba wana kabati. Akakumbusha kuwa wahenga hawakuwa wajinga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, maana hapa wageni wameshakuja na kibao chao, na wenyeji kupona hawaponi. Mzee Faili akamwambia methali hiyo haina maana hiyo. Wembe akasema methali ni kama nguo, anayeivaa ndiye anayejua inapombana.

Soli alikuwa ameinamia kiatu cha mwalimu fulani, anapiga misumari, na kila msumari alikuwa akiupiga mara mbili zaidi ya inavyotakiwa. Hawa wenzake walikuwa wanacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mkewe alikuwa mle ndani.

Alijua kwa wiki tatu sasa. Kila Jumatano mkewe husema anatoka kidogo, na kila Jumatano jioni hurudi na udongo wa kijivu chini ya kucha. Soli alimfuata mara moja, kwa aibu kubwa, akamwona akipanda ngazi ya nyuma, ile ya upande wa maghala. Hakumuuliza. Siku hizi nyumbani kwao watu hawaulizani. Huzungumza habari za maji, za kufuli, za nani atazima taa, basi.

Na mambo hayakuwa hivyo zamani. Mwaka jana mkewe alikuwa mama kijacho, na hapa kijiweni Soli alikuwa anaitwa Baba Kijacho kutwa nzima, naye anajibu kwa meno yote thelathini na mawili. Alichagua ngozi laini kuliko zote alizokuwa nazo, akashona viatu vidogo, urefu wa kidole. Mtoto akazaliwa kimya. Mama akarudi nyumbani mikono mitupu. Watu wakasema yale ambayo watu husema, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba watapata mwingine, kisha wakaenda zao. Wembe na Mzee Faili waliacha tu kumwita Baba Kijacho, wakarudia jina la Soli, na hiyo ndiyo rambirambi waliyoiweza. Mkewe aliuliza mara moja tu viatu viko wapi. Soli akamjibu ameshaviondoa. Alimdanganya, kwa kuogopa kwamba akiviona atavunjika. Vilikuwa chini kabisa ya sanduku lake la kazi, chini ya mabaki ya ngozi, na Wembe akiomba kipande cha mpira humo huzuiwa mkono kabla hajafunua kifuniko. Soli alimpenda mkewe, ila hakujua aanzie wapi. Sasa kikaja kibao na hilo neno mpito, na yeye akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye mwanamke anayepita kwake kwenda mahali pengine.

Hapo ubaoni Mzee Faili alikuwa amefika mbali. Alikuwa anawafafanulia kibao neno kwa neno. Udongo, hiyo ni ardhi, na hakuna nchi isiyo na ardhi. Rangi ni bendera. Nyuzi ni mawasiliano. Nyimbo, hapo hata mtoto mdogo anajua, ni wimbo wa taifa.

Wembe akapinga. Yeye alisema udongo ni wa kufinyanga sanamu za waume. Jumatano iliyopita alisikia kitu kikipasuka huko juu, paaa, na goti lake la kushoto likamuuma mpaka Ijumaa.

— Goti lako linakuuma tangu nikujue, akasema Mzee Faili.

— La kulia. Hili la kushoto ni jipya. Jamani, tusilaze damu. Udongo uwahi ungali maji. Tukiwaacha wakauke hao, tumekwisha.

Ikakubaliwa atumwe mpelelezi, na kwa kuwa Birika ndiye mwenye miguu mizuri, wakamwelekea yeye. Birika akasema hana haja ya kutumwa, wiki jana aliitwa kupeleka kahawa na akaingia mpaka ndani.

— Ukaona nini?

— Wanawake.

— Wanafanya nini?

— Mmoja alikuwa analia. Mwenzake akamshika mkono. Halafu sijui wakaambiana nini, wakacheka wote wawili.

— Mkuu wao yukoje?

— Sikuona mkuu. Wamekaa duara.

Mzee Faili akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema serikali isiyo na mkuu ndiyo mbaya kuliko zote, huna hata wa kumwandikia barua. Birika alimtazama Soli kidogo, kisha akajishughulisha na kusuuza vikombe, na Soli akajua kuwa Birika kamwona mkewe na ameamua kunyamaza. Akamshukuru moyoni.

— Mpito wa kutoka wapi kwenda wapi? akauliza Soli.

Wote wakageuka, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza tangu adhuhuri.

— Enhe?

— Kibao kinasema mpito. Mtu hupita akienda mahali. Wanakwenda wapi?

Mzee Faili akavaa miwani tena, akakitazama kibao. Akasema hilo halikubainishwa, na kwamba katika nyaraka nzuri lingebainishwa. Wembe akasema wanakwenda kuchukua kila kitu, kabati na chumvi yake. Walikuwa bado wanabishana mlango wa mbele ulipofunguliwa.

Akatoka mwanamke mwenye aproni ya plastiki. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka viwiko, ameitanguliza mbele ili asijichafue. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka. Wembe akajiweka sawa na kunong'ona kwamba wanaletewa tamko. Kisha akamtambua shemeji yake, mkewe Soli, na tamko likamkauka mdomoni.

— Shikamoo mzee, akasema mwanamke. Hamjambo shemeji zangu.

— Marahaba, akajibu Mzee Faili, kwa sauti ndogo ambayo hawakujua kuwa anayo.

Akamgeukia mumewe.

— Baba Kijacho.

Jina hilo lilikuwa halijatajwa hapo tangu mwaka jana. Nyundo ya Soli ikabaki hewani.

— Vile viatu, akasema mkewe. Vilikuwa na kamba au kifungo?

— Viatu gani, shem... Wembe akaanza, na Mzee Faili akamkanyaga.

— Tumeambiwa kila mtu afinyange kitu ambacho hakukiaga. Mimi nimeanza vile. Visigino vimekaa vizuri, hata ile mishono yako ya pembeni nimeichora kwa sindano. Nimefika hapa pa kufungia nimekwama. Niliviona siku moja tu. Niambie upesi, udongo unakauka.

Soli angeweza kusema kamba, au kifungo, yakaisha, na yule akarudi juu. Badala yake alipiga magoti mbele ya sanduku. Akatoa visigino vya zamani, akatoa mabaki ya ngozi, akatoa mkebe wa gundi. Chini kabisa akatoa kitambaa cheupe, akakifungua juu ya paja.

— Kifungo, akasema. Kimoja ndicho nilichoshona. Cha pili sikuwahi.

Mkewe hakusema kwamba alidanganywa. Alivitazama tu. Alinyoosha mikono, akakumbuka udongo, akairudisha. Birika akasogea na maji ya kusuuzia vikombe, akammiminia mpaka ikatakata. Ndipo akavichukua, akavilaza kiganjani, vyote viwili vikaenea. Akalia. Soli naye akalia, mbele ya kinyozi, na kinyozi huyo huyo mwenye ulimi akageukia ukuta na kusema moshi wa leo umezidi, na hapakuwa na moshi.

Mzee Faili akainuka. Hakuuliza ombi limepitia kwa nani. Akampisha mama wa watu mahali pake penye kivuli, akaketi mwenyewe juu ya ndoo. Soli akatafuta kifungo cha pili kwenye mkebe wa misumari, akakipata, akashika sindano. Uzi ukakataa kuingia. Alijaribu mara tatu. Mkewe akamnyang'anya, akaulowesha uzi kwa ulimi, akautia mara moja.

— Nilidhani unapita, Soli akamwambia, huku anashona. Nilidhani unakwenda zako.

— Ningekwenda, ningekuja kukuuliza habari za vifungo?

Kijiwe kikacheka kidogo, kwa tahadhari. Birika akamimina kikombe, akampa. Mzee Faili, ambaye swali likimkaa kooni hawezi kulala, akamwomba radhi kwanza, halafu akamuuliza huu mpito wenyewe unaelekea wapi.

— Sijui, mzee. Huko juu hakuna anayetuambia. Mwanamke akanywa, akawatazama wote kwa zamu. Nyinyi mmekaa hapa mnalitazama hilo bango mwezi mzima. Mlikuwa mnasemaje?

Wembe akaangalia viatu vyake. Mzee Faili akatafuta miwani, nayo ilikuwa machoni. Birika akainamisha birika kumwongezea Wembe, likatoa matone mawili, likakoma.

Soli akakata uzi kwa meno.

— Kibao kinasema wanawake, Mzee Faili akamkumbusha alipomwona anafuta mikono na kuinuka.

— Mpaka mlangoni tu, akasema Soli.

Wakavuka barabara pamoja, yeye kashika kiatu kimoja, mkewe kingine.