Chai Yangu Haijaisha

Sogeeni, wanangu, sogezeni viti mpaka magoti yenu yaguse kitanda hiki, maana sauti hii iliyokuwa ikinyamazisha ukumbi mzima wa mawaziri leo haifiki hata mlangoni. Wewe kifunguamimba wangu, kaa kushoto. Wewe binti yangu, kaa kulia. Na wewe kitindamimba, kaa hapo miguuni uwatazame wakubwa zako, na yeyote atakayekunja uso uniambie, kwa sababu macho yangu nayo yameanza kunitoroka. Asante, muuguzi, mwanangu, niwekee kikombe hapa mkononi, ukijaze, kisha utupishe kidogo, haya ni mambo ya nyumbani.

Mwanangu wa kwanza, nimekuona ukitazama mlango. Keti. Chai yangu haijaisha.

Mmecheka! Hata wewe binti yangu umecheka, ingawa umegeukia dirishani ili kaka yako asikuone. Mnacheka kwa sababu mmelelewa na maneno hayo, mnajua kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuinuka mezani kabla mama hajamaliza kikombe, na mnajua mama anavyokunywa, tone baada ya tone, mpaka ninyi mlioficha ripoti za shule mnazitoa wenyewe bila kuulizwa. Lakini sijawahi kuwaeleza nilikojifunza ujanja huo, na leo nitawaeleza, kwa kuwa ndio urithi mkubwa kuliko vyote ninavyowaachia.

Niliingia Wizara ya Mambo ya Nje nikiwa mpiga chapa, binti mwembamba mwenye gauni moja la kazini nililolifua kila jioni na kulivaa kila asubuhi, na balozi mmoja mzee, mkali kama pilipili, akanichukua niwe mwandishi wake wa mikutano kwa sababu, alisema, mimi peke yangu pale ofisini nilijua kufunga mdomo. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba wakubwa hawaogopi kutukanana, wanatukanana vizuri tu na kesho wanapeana mikono. Wanachokiogopa ni kuwa wa kwanza kuonekana hawana adabu. Akaniambia, "Binti, ukiona mkutano unataka kuvunjika, usiseme neno. Tafuta jambo litakalowafanya waone haya kuinuka." Nililiweka moyoni, nikapanda nalo ngazi zote, ukatibu, ukonsela, ubalozi, mpaka nikawa mshauri wa marais, na nasema bila haya wala kujishusha, wanangu, nilikuwa hodari. Waliokuja kunijaribu walitoka jasho.

Sasa lile daraja la mpakani. Ninyi mlikuwa wadogo, labda mnakumbuka tu kwamba nilikuwa sishindi nyumbani. Sisi na jirani zetu tulikuwa tumegombana, nao wakafunga lango lao la daraja, nasi tukafunga letu, malori yakalala barabarani mpaka nyanya zikachuruzika maji kwenye matairi, na kina mama walioozesha mabinti ng'ambo wakawa wanasimama ukingoni mwa mto kupiga kelele kuulizia wajukuu. Rais akanituma niketi katikati ya mawaziri wawili. Wa kwao alikuwa mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Wa kwetu tulimwita Bwana Kamera, na jina hilo halihitaji maelezo.

Ilikuwa hotelini, katika chumba chenye zulia la kijani na kipoza hewa kilichokoroma kuliko mlinzi. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshaitana waongo. Huyu akafunga mkoba wake, yule akavaa koti lake, na nje waandishi wa habari wamejaa kama siafu wakisubiri kuona nani atatoka kwa hasira. Nikaona daraja linakufa mbele ya macho yangu. Basi nikamimina chai, nikakijaza kikombe mpaka ukingoni, nikasema kwa upole wote, "Waheshimiwa, mniwie radhi mimi mama yenu, chai yangu haijaisha."

Aondoke nani? Nani atoke kuwaambia waandishi kwamba amemwacha mama mtu mzima peke yake mezani na kikombe mkononi? Wakaketi, na mikoba yao mapajani, wamenuniana, nami nikawa nalowesha midomo tu, simezi. Chai ikapoa, ikaota utando juu. Haijawahi kunywewa chai mbaya kama ile. Mpaka yule wa jirani uvumilivu ukamwishia, akauliza, "Mama, hicho kikombe kina kisima ndani?" Na Bwana Kamera, bila kutaka, akaangua kicheko. Mtu akishacheka na adui yake, kununa tena ni kazi. Yule wa jirani akasema mama yake naye hunywa hivyohivyo, akitaka kumgombeza. Wa kwetu akasema wa kwake hakuhitaji chai, alitumia kandambili. Wakaongea habari za mama zao mpaka mikoba ikateremka sakafuni. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama walikuwa wametia saini.

Nilikwenda kuona malango yakifunguliwa. Wote walikuwa wakitazama magari ya wakubwa, mimi nilimtazama bibi mmoja aliyekimbia na viatu mkononi mpaka katikati ya daraja, akamshika binti yake mabega, na badala ya kumwambia nimekukumbuka mwanangu, akampiga kibao cha bega na kumfokea, "Umekonda!" Kisha wakakumbatiana, wakalia hadharani. Nami nililia, wanangu, nilijiegemeza kwenye chuma cha daraja nikalia kwa furaha, na sijawahi kupewa nishani iliyonifikia pale ilipofika sauti ya bibi yule.

Picha ile ya hotelini, yenye mawaziri wanaopeana mikono, mnaijua. Pembeni kuna kiwiko na kikombe. Kiwiko kile ni changu. Bwana Kamera alihakikisha nimekatwa, kisha akatangaza redioni kwamba hila ya chai ilikuwa yake. Nilimwekea kinyongo, sifichi, nilikilea kama mtoto. Lakini alipofukuzwa kazi na marafiki wakamkimbia, alikuja kubisha hodi hapa, nikamkaribisha, nikamimina chai, na siku ile tulikaa sana. Akija kunizika mpeni kiti cha mbele. Mwacheni aseme, atatia chumvi, msimsahihishe. Ila mkipiga picha, mhakikishe kinaonekana kiwiko chake tu.

Niinueni kidogo. Hapo. Mto huo usogeze, binti yangu. Asante.

Vitabu vyangu na kalamu zangu ni vya kitindamimba, kwa sababu ndiye pekee anayevisoma. Nishani mgawane mnavyopenda, ni bati tu zenye utepe. Hakuna anayenidai, nami simdai mtu. Inabaki nyumba hii, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Wewe mwanangu unataka iuzwe, kila mtu aanze maisha yake, na hujakosea. Wewe binti yangu, uliyeacha kwako ukaja kuniuguza, unasema labda ipitie juu ya maiti yako, na wewe pia nakuelewa. Lakini tangu siku ile mliyotupiana maneno pale jikoni hamjazungumza. Mnapishana koridoni kama wapangaji. "Mwambie kaka yako." "Mwambie dada yako." Mmemfanya mdogo wenu balozi bila mshahara wala gari. Mimi niliyewaketisha mawaziri, nife watoto wangu hawasalimiani? Hilo nimelikataa. Nyumba si kitu, matofali haya. Ninachokiogopa ni kwamba siku nitakayofukiwa, kila mmoja ataondoka na njia yake, na sitakuwepo kuwarudisha.

Basi sikieni neno langu, na wakili ameshaliandika. Nyumba hii ni yenu watatu. Haiuzwi, haipangishwi, hauvunjwi hata ukuta, mpaka mmeketi watatu kwenye meza ya jikoni, chai imemiminwa, mkakubaliana kwa vinywa vyenu. Siwachagulii. Mkiuza nimeridhika, mkikaa nimeridhika. Ila asitumwe mtu. Na pale mezani hainuki yeyote mpaka kikombe cha mwisho kimalizike.

Sasa nyamazeni kidogo. Nipumzike.

Kimya hiki nakijua. Zulia la kijani.

Umesema nini, mwanangu? Sikusikia. Sema kwa nguvu, na usiniambie mimi, mgeukie mwenyewe.

Rudia.

"Dada, umekonda." Ndivyo ulivyosema? Kitindamimba, ndivyo alivyosema? Na dada yako anafanya nini? Analia. Na kaka yako? Amesimama. Anaelekea wapi, mlangoni? Kwake. Amekwenda kwa dada yake. Haya, nielezeeni basi, msininyime. Amemshika bega. Amemkumbatia.

Nimeshinda. Sikieni mama yenu, nimeshinda tena, nikiwa nimelala chali, bila waziri wala saini. Laiti yule balozi mzee angekuwepo aone.

Shikeni kikombe hiki, mkono unaniishia nguvu. Mshike wote wawili. Mungu awape ndimi laini, wanangu, awape... awape wajukuu watakaowachosha. Awape uzee wa pamoja. Asiwaache mkalala na kinyongo. Mtakaponiweka kaburini, mrudi hapa, mchemshe maji, mkae.

Imebaki kidogo hapo chini, naiona. Msiimwage. Msinimalizie.

Mtu asiinuke, wanangu. Chai yangu... chai yangu haijaisha.