Mkungu wa Mlangoni kwa Nguma

Pale njia ya Kisauni inapopinda kuelekea Frere Town, Stambuli mwuza kahawa amelaza mlango mkuukuu juu ya mapipa mawili, na mlango huo ndio baraza, mahakama na kituo cha habari cha mtaa mzima. Mwenye shughuli hupita, asiye nazo huketi. Na yule mwenye nazo akaketi vilevile, huyo ndiye mwenyeji hasa. Mwaka ule wa sitini na mbili hapakukosekana la kuzungumza: Mzungu anafunga mizigo, Mwambao haujulikani utakwenda wapi, na kila mtu ana habari aliyoipata kwa mtu asiyetaka kumtaja. Lakini adhuhuri hii waliokuwa pale walizungumzia mti tu, tena mti wa urefu wa goti. Mwenye mti, Nguma fundi wa makuti, alikuwa ameshika kikombe chake hata kahawa ikapoa.

Mambo yenyewe yalizuliwa na Mwalimu Jael, dada mmoja wa Frere Town asiyejua kukaa bure. Alisema mji unakua mbio na watu wanasahau wanaishi na viumbe gani. Basi akaleta miche sitini ya mikungu, ile miti ya kivuli, ikapandwa kutoka kisimani hadi shuleni, kila mmoja mbele ya nyumba ya mtu, na kila mmoja ukavishwa kibati chenye jina la mwenye kuutunza. Chini ya kila mche aliweka vyungu viwili. Mpita njia akiona ndege atie simbi, kombe dogo la pwani, katika chungu cha kushoto, akiona kipepeo atie cha kulia, na Jumamosi watu wote wakutane wahesabu. Watu waliupenda mchezo ule. Wazee wazima wenye heshima zao walianza kusimama njiani wakikodolea matawi macho.

Nguma naye aliupenda, mpaka jana usiku alipopata habari kwamba msimamizi wa mwenye ardhi anapita leo baada ya alasiri kukagua viwanja.

— Jambo lenyewe si mti, Nguma. Jambo ni lile jina, alisema Ghalib.

Ghalib walimwita Wakili, kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama miaka sita, na hukumu zote alizisikia akiwa na ufagio mkononi.

— Jina lina nini? aliuliza Nguma.

— Weye waishi katika ardhi ya nani?

— Ya Bi Kulthum.

— Na sharti lake ni lipi?

Nguma alilijua sharti kuliko alivyojua umri wake. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mwenyewe. Mchicha panda, kunde panda, muhogo panda. Mti wa kudumu usipande, maana Pwani hii mwenye mti huhesabiwa na mti wake, na anayepanda mnazi leo kesho atasema hatoki mpaka alipwe mnazi wake.

— Lakini mkungu si mnazi, alisema Nguma kwa sauti ya kuomba.

— Wazaa hauzai?

— Wazaa kungu.

— Basi! Mti wazaa, una mizizi, na una kibati chenye jina lako mbele ya mlango wako. Wallahi hata mimi ningekuwa msimamizi ningekufukuza, na hali mimi ni rafiki yako.

— Wewe hicho kibati ulikisoma?

— Nilikisoma. Jina lako laonekana tokea barabarani.

Nguma mwenyewe hakujua kusoma. Hofu ilimpanda tena. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, fito kwa fito, na paa aliliezeka mwenyewe mara tatu. Kwao Kaloleni ndugu zake walikwisha gawana shamba, na hapakuwa na pembe iliyobaki kwa jina lake. Akitolewa hapa hana pa kwenda, na hilo alilijua peke yake usiku kucha huku Kahaso mkewe amelala.

— Nyinyi mwahangaika na jina, alidakia Badi. Mimi zanihangaisha simbi.

Badi aliitwa Redio, na hakuwa na kifungo cha kumzimia.

— Simbi zina nini tena? aliuliza Stambuli, akipuliza makaa.

— Hebu tazameni. Vyungu viwili. Kushoto na kulia. Watu wazima wapita mmoja mmoja, wachagua, watia. Jumamosi zahesabiwa mbele za watu. Kama hiyo si kura, niambieni ni kitu gani.

Kijiwe kizima kikamgeukia.

— Kura ya nini? aliuliza Ghalib, akiwa amekasirika kidogo kwamba hakuliona yeye kwanza.

— Ya Mwambao! Kushoto Sultani, kulia Nairobi. Wangetuuliza waziwazi tungegombana, ndiyo maana watuuliza kwa ndege.

— La haula! Stambuli aliacha kupuliza. Mimi nimetia kushoto siku nne mfululizo.

— Kwa nini?

— Kwa ajili ya kunguru! Kuna kunguru hapa haondoki!

— Basi ushapiga kura nne, na ukiulizwa mbele ya serikali utasema kunguru ndiye aliyekutuma.

— Na wewe ulitia wapi?

Sauti ya Redio ikashuka.

— Kote kote. Nilimwona ndege amla kipepeo.

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine wangecheka mpaka kahawa imwagike, lakini mwaka ule mtu hakuwa na hakika ni mzaha gani utakaokuja kumfunga. Stambuli alianza kuhesabu kwa vidole ni nani aliyemwona akisimama kwenye vile vyungu.

— Nyote mwaona karibu, alisema Ghalib, ambaye hakupenda kushindwa. Vibati vyang'aa, sivyo? Sitini. Vimepangwa mstari mmoja. Eropleni ikipita juu yaona nini?

— Yaona nini?

— Yaona barabara! Yapiga picha, picha yapelekwa ofisini, na yule mwenye kalamu apiga mstari juu ya vibati. Nyumba zote zenye mti mlangoni zaondoka. Ya Nguma iko ya ngapi?

— Ya thelathini, alisema Nguma.

— Katikati kabisa, alisema Ghalib, akatikisa kichwa kama daktari.

Nguma aliweka kikombe chini. Alijua moyoni kwamba maneno haya mengine ni upuuzi. La kura lilikuwa upuuzi, la eropleni lilikuwa upuuzi mtupu. Lakini la sharti halikuwa upuuzi, na hofu haichambui. Ilipoingia kwa mlango huo mmoja ilikuja na wenzake wote.

— Mwalimu Jael ni mtu mwema, alijaribu kusema.

— Mwema sana. Ukitolewa atakuja kukupa pole.

— Sasa nifanyeje?

— Ung'oe, walisema Wakili na Redio kwa pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza kwa watu hao wawili kukubaliana tangu Mfungo Mosi.

— Kahaso je? Yeye ndiye aumwagiliaye. Kila alfajiri, kabla hajanipa hata uji.

— Mke utamweleza. Msimamizi utamweleza nini?

Kahaso alikuwa ametoka asubuhi na mapema amevaa leso zake mpya. Hakusema anakwenda wapi, na Nguma, kwa yaliyokuwa yakimsumbua, hakumwuliza. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akaondoka haraka bila kuaga.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Alidhani mche utatoka mzima, auweke pahali mpaka msimamizi apite, aurudishe jioni. Lakini wiki tano za maji ya alfajiri zilikuwa zimeushika barabara. Alivuta, ukakataa. Alivuta kwa mikono miwili, na mzizi mkuu ukakatika chini kwa mlio mdogo, akabaki ameshika nusu ya mti. Aliutia guniani pamoja na kibati, akafukia shimo kwa mguu, na alipokuwa akirudi kijiweni na gunia begani alijiona mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

— Umemaliza? aliuliza Ghalib.

— Nimemaliza.

— Umeokoka, alisema Badi. Stambuli, mpe kahawa ya moto.

Ndipo basi la kutoka mjini lilipofunga breki pale kwenye pindi. Alishuka bibi mmoja wa buibui, mzito wa mwili, taratibu, na aliyemshika mkono kumteremsha alikuwa Kahaso. Wanaume wote wanne wakasimama. Bi Kulthum hakuwa amekanyaga Kisauni tangu mumewe afariki.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba. Msimamizi nimemwambia akae nyumbani leo, nitakuja nione kwa macho yangu. Nguma, mwanangu, una mke wa adabu. Mwezi uliopita alikuja kwangu, akaketi ukumbini tangu asubuhi mpaka adhuhuri akiomba ruhusa ya mti mmoja. Mmoja tu! Wapangaji wangu wangapi hupanda usiku kama wezi, na huyu kaja kuomba. Nikamwambia panda, lakini kibati kiandikwe majina mawili, langu na lako weye Kahaso, na mti ukishika nitakuja kuuona. Leo kaja kunichukua.

Nguma alimgeukia Ghalib. Ghalib alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

— Kahaso, alisema Nguma polepole, mbona hukuniambia?

— Nilikuambia siku ile kwamba natoka kuomba ruhusa. Ukaniambia haya, ukaja zako barazani.

Alisema bila ukali, maana alikuwa na furaha mno siku ile. Alinyoosha buibui la Bi Kulthum lililokunjamana kwa safari, akamwelekeza kwa mkono upande wa nyumba.

— Twende, Bibi, si mbali. Jana ulitoa jani la sita.

Kisha akamtazama mumewe vizuri kwa mara ya kwanza tangu ashuke, akalitazama na gunia lililo miguuni pake.

— Baba Fondo, mbona mikono yako ina udongo?

Stambuli aliinamia makaa yake. Redio aligeukia barabarani, akatazama basi lilikokwenda. Kahaso alisubiri, bado anatabasamu, akimtazama mmoja baada ya mwingine.